Kununua DSLR ya fuli fremu iliyotumika, hatua kwa hatua

"Nina hela kidogo, nataka fuli fremu, nichukue bodi gani?" Swali hili naulizwa na wanaoanza karibu kila wiki, na karibu kila mara anayeuliza ametaja bodi peke yake, yaani kamera bila lenzi. Lenzi hakuitaja. Kadi hakuitaja. Hakusema anapiga nini. Nimeamua kuandika majibu yote mahali pamoja, kwa mpangilio ninaoufuata mimi mwenyewe ninapokwenda kumkagulia mtu kamera.

Nitazungumzia kamera zilizotumika, maana DSLR nyingi za fuli fremu (kamera za kidijitali zenye kioo ndani kinachopeleka taswira kwenye kitundu cha kutazamia) siku hizi zinapatikana hivyo. Watengenezaji wakubwa wamehamia kwenye kamera zisizo na kioo. Za mwisho za fuli fremu kutoka Canon na Nikon, yaani EOS-1D X Mark III, D780 na D6, zilitoka mwaka 2020. Kwa mnunuzi hii ni neema: bodi zilizokuwa ndoto ya wapiga picha wa kulipwa sasa zinauzwa kwa sehemu ndogo ya bei yake ya mwanzo. Ila kila moja ina historia yake, na kazi yako ni kuisoma kabla hujatoa hela.

Nadharia nitaipitia upesi. Sensa, yaani kipande kinachopokea mwanga na kutengeneza picha, kwa fuli fremu ina milimita 36 kwa 24, sawa na fremu moja ya filamu ya 35 mm. Sensa ndogo ya APS-C ina takriban 24 kwa 16, na kwa Canon ni ndogo zaidi kidogo. Kwa eneo, fuli fremu ni zaidi ya mara mbili. Utapata chenga chache (zile punje punje kwenye picha) ukipandisha ISO, yaani usikivu wa sensa kwa mwanga, lenzi pana itakuwa pana kweli, na itakuwa rahisi kutia ukungu nyuma ya mtu unayempiga. Usitarajie ikurekebishie mwanga mbaya. Na kama kazi yako ni ndege walio mbali na lenzi yako inaishia 300 mm, APS-C inaweza kukufaa zaidi, kwa kuwa inakata kingo za picha na ndege anajaa kwenye fremu.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Memori kadi yako mwenyewe, tupu, ya aina inayoingia kwenye kamera unayokwenda kuiona. Kamera za zamani zinatumia CF, nyingine SD, nyingine zote mbili.
- Lenzi unayoiamini, kama unayo au unaweza kuazima.
- Tochi ndogo yenye mwanga mkali. Ya simu inatosha.
- Pampu ya mkono ya kupulizia vumbi, ile ya mpira.
- Laptopu yenye programu ya kufungulia picha, kisomea kadi, na waya wa USB unaoingia kwenye kamera hiyo.
- Ukurasa wa gazeti au kitabu chenye maandishi madogo, kwa ajili ya kupima fokasi.
- Nusu saa ya mchana. Muuzaji anayekuharakisha, ahirisha naye. Kamera haikaguliwi usiku chini ya taa ya barabarani.

Hatua ya 1: Gawanya hela kabla ya kutaja jina la kamera

Chukua bajeti yote, weka kando nusu yake kwa ajili ya lenzi, kisha toa fungu dogo la betri ya pili, kadi na mfuko. Kinachobaki ndicho cha bodi. Najua inauma. Lakini bodi ya mwaka 2012 yenye lenzi nzuri itakupa picha bora kuliko bodi ya mwaka 2017 yenye zumu hafifu iliyokuja nayo bure. Bodi hushuka thamani kila mwaka, ilhali lenzi nzuri utakaa nayo muda mrefu na ukiiuza utarudisha sehemu kubwa ya hela yako.

Kosa ninaloliona mara nyingi: mtu anamaliza hela yote kwenye bodi, halafu anaivalisha lenzi zake za APS-C "kwa muda". Muda huo hugeuka miaka, na kwa muda wote huo fuli fremu aliyoinunua haitumiki kama fuli fremu.

Hatua ya 2: Chagua ukoo wa lenzi

Hapa ndipo unapofunga ndoa. Kila kampuni ina mdomo wake, yaani sehemu ya bodi lenzi inapofungwa. DSLR za Canon zinatumia mdomo wa EF, ulioanza mwaka 1987. Za Nikon zinatumia mdomo wa F, ulioanza mwaka 1959. Pentax wana mdomo wa K, na DSLR zao za fuli fremu ni K-1 na toleo lake la pili. Sony walikuwa na mdomo wa A, lakini wakauacha wakahamia kwenye kamera zisizo na kioo.

Kama ndugu au rafiki yako wa karibu ana lenzi za Canon na yuko tayari kukuazima, nunua Canon. Kama ni za Nikon, nunua Nikon. Sababu hii ina uzito kuliko jedwali lolote la kulinganisha sensa.

Kuna mambo matatu ya kujua kuhusu lenzi za zamani:

Lenzi za Canon zenye alama ya EF-S haziingii kabisa kwenye bodi ya fuli fremu. Usilazimishe. Lenzi za APS-C za kampuni nyingine zenye mdomo wa Canon zinaweza kuingia, lakini picha itakuwa na pembe nyeusi.

Lenzi za Nikon zenye alama ya DX zinaingia, na kamera yenyewe hukata picha ibaki eneo dogo la katikati. Gharama yake ni kubwa: D750 yenye megapikseli 24 inabaki na takriban 10.

Lenzi za zamani za Nikon za AF na AF-D hazina mota ndani, zinazungushwa na mota ya bodi. DSLR zote za fuli fremu za Nikon zina mota hiyo, kwa hiyo zitafokasi zenyewe bila shida. Ukija kuhamia kamera ya Nikon isiyo na kioo kwa kutumia adapta ya FTZ, lenzi hizo zitabaki za kufokasi kwa mkono. Za Canon EF zinahamia kwenye kamera za Canon zisizo na kioo, za mdomo wa RF, kwa adapta na fokasi inaendelea kufanya kazi. Kama unaiona hiyo kuwa safari yako ya baadaye, lifikirie leo.

Hatua ya 3: Chagua bodi kulingana na kazi

Sitakutajia bodi moja "bora". Nitakutajia zile ninazokutana nazo sana na tabia zake.

Canon 5D ya kwanza (2005, megapikseli 12.8) bado inatoa rangi nzuri sana za ngozi, lakini haina video, haina kupiga kwa kutazama skrini, wala haijisafishi sensa. Kioo chake kilijulikana kwa kubanduka. Uliza kama kimewahi kuimarishwa. 5D Mark II (2008, megapikseli 21.1) ndiyo iliyoleta video ya 1080p kwenye DSLR za fuli fremu. Fokasi yake ni ya kizamani, na ukipandisha sana sehemu za giza kwenye kompyuta inatoa mistari. Kwa picha za studio na mandhari, inatosha kabisa.

Canon 6D (2012, megapikseli 20.2) ndiyo ninayowapendekezea wengi wanaoanza. Ni nyepesi, gramu 770 pamoja na betri na kadi, na nukta yake ya fokasi ya katikati inashika vizuri gizani. Udhaifu wake ni kwamba ina nukta 11 tu, na ya katikati ndiyo ya kuaminika. Tundu la kadi ni moja. Kwa michezo au watoto wanaokimbia, tafuta 5D Mark III (2012, megapikseli 22.3, nukta 61).

Kwa upande wa Nikon, D700 (2008, megapikseli 12.1) ni ngumu kama jiwe, ila haina video. D600 (2012) ilipata sifa mbaya ya madoa ya mafuta na vumbi kwenye sensa hadi Nikon wakatoa huduma ya kubadilisha shata (pazia linalofunguka mbele ya sensa kila unapopiga), na mwaka 2013 D610 ikachukua nafasi yake ikiwa na shata mpya. Kati ya hizo mbili, lipa zaidi kidogo uchukue D610. D750 (2014, megapikseli 24.3) ndiyo ningeinunua mimi kama ningekuwa naanza leo upande wa Nikon: nyepesi, fokasi nzuri gizani, kadi mbili za SD. Baadhi ya D750 ziliitwa kurekebishwa shata, kwa hiyo chukua namba ya utambulisho wa bodi, yaani siriali, ukaihakiki kwenye tovuti ya Nikon kabla ya kulipa.

D800 na D810 zina megapikseli 36.3, na D850 (2017) ina 45.7. Hizi ni kamera za ajabu, lakini zina madai yake. Faili moja ya RAW (picha ghafi ambayo kamera haijaibana) kutoka D850 inaweza kuzidi MB 40, na lenzi dhaifu au mkono unaotetemeka utaonekana wazi. Kama kompyuta yako inahema ukifungua picha kumi, bado hujafika hapo.

Video ukiwa nayo kipaumbele: 5D Mark IV (2016) inapiga 4K lakini inakata fremu sana, takriban mara 1.74, hivyo lenzi yako pana haitakuwa pana tena. D850 na D780 zinapiga 4K kwa upana wote wa sensa.

Hatua ya 4: Muulize muuzaji kabla ya kwenda

Muulize kwa ujumbe ulioandikwa, ili majibu yabaki. Amekuwa nayo tangu lini? Imewahi kufunguliwa na fundi, na kwa tatizo gani? Imewahi kuanguka au kuingia maji? Chaja na betri ni za asili? Boksi lipo? Kisha muombe akutumie picha moja aliyoipiga leo, faili lenyewe kama lilivyotoka kwenye kamera, bila kupita kwenye programu za kutuma picha zinazolibana.

Mwambie pia kwamba utakuja na kadi na laptopu na utahitaji nusu saa. Anayeuza kamera nzima hatakataa.

Hatua ya 5: Kagua nje

Anza na pembe za chini na eneo la kuwekea tripodi. Pembe iliyobonyea ni dalili ya kuanguka. Rangi iliyochujuka mahali mkono unaposhika si tatizo, ni umri. Angalia vichwa vya skrubu: vilivyochubuka vinasema bodi imewahi kufunguliwa, hata kama muuzaji alisema haijawahi. Mpira wa kushikia ukibanduka unaweza kugundishwa, ila tumia hilo kupunguza bei.

Bonyeza kila kitufe. Kila kimoja. Zungusha kila gurudumu pande zote mbili huku ukitazama skrini kama namba zinapanda na kushuka bila kuruka. Fungua na funga milango ya betri na kadi. Chomeka flashi kwenye kikalio chake kama unayo, upige.

Hatua ya 6: Tochi ndani ya mdomo wa kamera na tundu la kadi

Toa lenzi, kamera ikitazama chini. Mulika kioo: kisiwe na ufa, wala alama za vidole, wala gundi iliyomwagika pembeni. Usikiguse, wala usikipulizie kwa mdomo, mate hayatoki kirahisi. Vumbi unaloliona kwenye kitundu cha kutazamia halitokei kwenye picha, kwa hiyo lisikutishe. Angalia nukta za shaba za mawasiliano ya lenzi kama zote zinarudi zikibonyezwa.

Sasa mulika tundu la kadi. Kwa kamera za CF hii ni lazima, kwa sababu ndani mna pini ndogo nyingi nyembamba, na moja ikipinda kadi haitasomeka. Nalisema hili kwa uchungu. Bodi yangu ya kwanza ya fuli fremu niliinunua jioni. Muuzaji akapiga picha mbele yangu, picha ikatokea kwenye skrini, nikalipa. Kumbe ndani hamkuwa na kadi. Kamera nyingi zinakubali kupiga bila kadi na kukuonyesha picha ambayo haihifadhiwi popote. Nilipofika nyumbani kadi yangu haikukaa, nikamulika nikaona pini imelala. Gharama ya fundi ilinimalizia hela ya lenzi. Tangu siku hiyo siendi kukagua kamera bila kadi yangu, na picha naifungua kwenye laptopu kabla ya kuzungumza bei.

Hatua ya 7: Soma hesabu ya shata

Shata ni kipande kinachochakaa. Watengenezaji hutaja kiwango ilichojaribiwa: mibofyo 100,000 kwa 6D, 150,000 kwa 5D Mark III na D750, 200,000 kwa D800, D810 na D850. Kiwango hicho si siku ya kufa. Nyingi hukipita mbali, nyingine hazikifikii. Kichukulie kama kilomita za gari: zinakusaidia kupanga bei.

Kwa Nikon, piga picha moja, ifungue kwenye laptopu kwa programu ya kusoma taarifa za picha kama ExifTool, na utaona hesabu ya shata humo. Kwa Canon nyingi taarifa hiyo haiandikwi kwenye picha. Inabidi uchomeke kamera kwa USB na utumie programu inayozungumza na bodi moja kwa moja.

Wanaoanza huchanganya hapa mara mbili. Kwanza, namba ya faili si hesabu ya shata, kwa kuwa ikifika 9999 inaanza upya na mwenye kamera anaweza kuirudisha mwanzo wakati wowote. Pili, kwenye menyu ya Canon ya taarifa za betri kuna hesabu ya picha, lakini hiyo ni ya picha zilizopigwa na betri hiyo tangu ilipochajiwa. Nimeshaona tangazo la bodi yenye "mibofyo 212" iliyokuwa imesuguka hadi herufi za vitufe zimefutika.

Ukiwa hapo kwenye menyu, tazama na afya ya betri. Canon wanaonyesha vijiboksi vitatu, vya kijani vikiwa vitatu ni nzima. Nikon wanaonyesha umri kwa namba 0 hadi 4, sifuri ikiwa mpya na nne ikiwa ya kubadilishwa.

Hatua ya 8: Piga picha za majaribio

Weka ubora wa RAW pamoja na JPEG, kisha piga hizi kwa mpangilio huu.

1. *Vumbi na mikwaruzo.* ISO 100, tundu la lenzi linalopitisha mwanga liwe dogo, f/16 au f/22 (namba ikiwa kubwa tundu ni dogo), fokasi ya mkono ivurugwe makusudi. Piga ukuta mweupe au anga tupu, huku ukiisogeza kamera taratibu wakati shata iko wazi ili ukuta ufutike na doa la sensa libaki. Ikuze picha hadi asilimia 100 uipitie yote. Madoa laini ya duara ni vumbi na yanasafishika. Mstari mkali unaobaki mahali pale pale hata baada ya kupuliza na kupiga tena ni mkwaruzo. Achana nayo.

2. *Nukta zinazowaka.* Funika lenzi, ISO 800, sekunde 20, huku umezima kipunguza chenga cha picha za muda mrefu. Nukta chache za rangi ni kawaida kwa kamera yenye umri. Msururu mzima ulionyooka si kawaida. Tazama JPEG, maana baadhi ya programu huzificha nukta hizo kwenye RAW.

3. *Kasi za shata.* Ukuta wenye mwanga sawa wa jua, piga 1/500, 1/1000, 1/2000, 1/4000, na 1/8000 kama ipo. 6D na D750 zinaishia 1/4000, usidhani ni ubovu. Ukibadilisha ISO au tundu kufidia, picha zote ziwe na mwanga karibu sawa kutoka juu hadi chini. Kivuli upande mmoja kwenye kasi za juu kinaonyesha shata imechoka. Jaribio hili lifanyike nje. Taa nyingi za ndani hupepesa na kuleta mistari kama hiyo kwenye kamera nzima kabisa. Nimewahi kumsikia mtu akikataa bodi safi kwa sababu ya taa ya dukani.

4. *Fokasi.* Weka ukurasa wa maandishi kwenye meza ukiwa umelala kwa mteremko, kamera ikiwa imetulia, tundu wazi kabisa. Fokasi mstari mmoja kwa kutumia kitundu cha kutazamia, piga. Fokasi mstari ule ule kwa kutazama skrini, piga. Njia ya skrini inatumia sensa yenyewe, kwa hiyo ndiyo kipimo chako. Zikitofautiana kidogo na kwa namna ile ile kila mara, bodi nyingi zina marekebisho ya fokasi kwenye menyu, ila 5D ya kwanza haina. Zikitofautiana ovyo, mara mbele mara nyuma, hilo ni la fundi.

5. *Mfululizo.* Shikilia kitufe upige picha 20 hivi kwa kasi ya juu. Sikiliza. Mlio uwe wa mdundo mmoja. Ukisita, rudia ukiwa na betri iliyojaa kabla ya kuhukumu.

Hatua ya 9: Lenzi nayo ikaguliwe kivyake

Mulika tochi kutoka nyuma, tazama kutoka mbele. Vumbi kidogo ndani halina madhara. Nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, na lenzi yenye kuvu usiiingize kwenye mfuko wako na nyingine. Piga f/2.8 na f/16 kwa kasi ndogo ukitazama visu vya tundu vinavyofunga: viwe vikavu na vyepesi. Vikiwa na mafuta vitachelewa, na picha zako zitatoka na mwanga mwingi kupita ulivyopanga.

Kama unaanza na lenzi moja, chukua 50 mm f/1.8. Ni nyepesi, ni kali, na inafundisha kusogea kwa miguu. Kwa shughuli zenye watu wengi, zumu ya 24–105 mm f/4 ya Canon au 24–120 mm f/4 ya Nikon itakubeba mbali. Zumu za f/2.8 ziache hadi kazi ianze kukulipa.

Hatua ya 10: Karatasi na malipo

Linganisha siriali ya bodi na ya boksi na ya risiti. Mwandikiane hata karatasi ya mkono: jina la kamera, siriali, tarehe, bei, sahihi za wote wawili, na siku ngapi za kuirudisha ikiwa na kasoro iliyofichwa. Siriali iliyokwanguliwa maana yake unaondoka, hata bei iwe ya kuvutia namna gani. Usitume hela mbele kwa kamera ambayo hujaishika.

Hatua ya 11: Siku ya kwanza nyumbani

Rudisha mipangilio yote ya mwanzo, maana mwenye awali anaweza kuwa alibadilisha kazi za vitufe. Sahihisha saa na tarehe. Futa jina lake kwenye sehemu ya haki za picha, weka lako. Tazama kwenye tovuti ya mtengenezaji kama kuna programu mpya ya bodi, na uisakinishe betri ikiwa imejaa. Fomati kadi ndani ya kamera, si kwenye kompyuta. Halafu piga picha 300 kabla siku zako za kurudisha hazijaisha.

Ukikwama

*Kitufe kinabonyezeka, haipigi.* Mara nyingi fokasi haijashika: lenga kitu chenye mpaka wazi wa giza na mwanga. Angalia pia kama kadi ya SD imefungwa kwa kile kiswichi cha pembeni.

*Nikon inaonyesha fEE.* Lenzi yako ina pete ya tundu. Izungushe hadi namba kubwa kuliko zote, uifunge hapo.

*Canon inaonyesha Err 01.* Mawasiliano ya lenzi na bodi. Futa nukta za shaba kwa kitambaa kikavu kisicho na nyuzi, pande zote mbili. Ikirudi kwa lenzi zaidi ya moja, kasoro iko kwenye bodi.

*Kitunduni naona ukungu, picha ziko sawa.* Zungusha kigurudumu kidogo kando ya kitundu hadi maandishi ya ndani yawe wazi. Mwenye awali aliurekebisha kwa macho yake.

*Sehemu ya picha ni nyeusi nikitumia flashi.* Kasi ya shata imepita kikomo cha flashi. 6D ni 1/180, familia ya 5D ni 1/200, D800 na D810 ni 1/250. Shuka.

*Picha si kali kama za kamera yangu ya zamani.* Fuli fremu ikiwa na tundu wazi ina eneo jembamba sana la fokasi: jicho moja linaweza kuwa kali na la pili likapotea. Funga hadi f/4 na pandisha kasi ya shata mara mbili ya ulivyozoea, halafu ndipo uilaumu lenzi.

*Kompyuta haifungui RAW.* Programu yako ni ya zamani kuliko kamera. Isasishe, au geuza faili kuwa DNG, aina ya RAW inayofunguka kwenye programu nyingi, kwa programu ya bure ya Adobe.

*Madoa yanarudi baada ya kusafisha.* Piga picha ya ukuta kila baada ya mibofyo mia mbili hivi uone kama yanaongezeka. Yakiongezeka ni mafuta ya shata, na kusafisha sensa peke yake hakutamaliza.

*Betri ya 6D inaisha usiku kamera ikiwa imezimwa.* Ni GPS. Kwenye bodi hiyo inaendelea kula betri hata swichi ikiwa imezimwa. Ingia kwenye menyu uizime yenyewe.